Mkono wa Mama Ndani ya Hansadi

Seneta wa kaunti yetu kule nyumbani alipotangaza kwamba angepitia Texas kuonana na watu wake, mwenyekiti wa jumuiya yetu hapa Arlington alinipa kazi ya kumkaribisha jukwaani. Hakutaka sifa za bure. Aliniambia nisome Hansadi, ile kumbukumbu ya kila neno linalosemwa bungeni, nichague hoja mbili tatu ambazo Mheshimiwa alizichangia, ili watu wajue wanamsikiliza nani.

Nilikubali kwa nia isiyo nzuri. Nilitaka kumkamata. Tangu achaguliwe sikuwa nimemwona popote ila kwenye picha za mazishi na harambee, na nilikuwa na hakika kwamba ndani ya Seneti kazi yake ilikuwa kusinzia.

Nilisoma kwa simu, ndani ya gari, saa ya chakula cha mchana. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye bohari moja kule Euless, karibu na uwanja wa ndege, tukipakia vifaa vya hospitali: bandeji, glavu, mikanda ya kuning'inizia mkono uliovunjika. Nilichokikuta hakikunifurahisha. Mheshimiwa alikuwa anachangia kweli. Alizungumza juu ya maji, juu ya walimu wa chekechea, juu ya mbolea inayofika wakati mahindi yameshaota. Hotuba zake zilikuwa fupi na zilieleweka, na hilo lenyewe likanitia shaka. Yule mtu niliyemsikia kwenye kampeni hakuwa na sentensi hata moja iliyofika mwisho. Nikaanza kujiuliza ni nani anamwandikia.

Siku ya tatu nilifika kwenye mjadala wa huduma za afya katika kaunti. Alikuwa amesema hivi:

"Bw. Spika, mama mmoja katika kaunti yangu alianguka akavunjika mkono. Ambulensi ya dispensari ilikuwepo, lakini haikuwa na mafuta. Mkono ulifungwa kwa mwiko wa ugali na leso, akapakiwa nyuma ya pikipiki. Mama huyo ana binti Amerika. Binti akipiga simu, anaambiwa kila kitu kiko sawa."

Niliweka chapati yangu kwenye kiti cha pembeni nikasoma tena. Mama yangu alikuwa amevunjika mkono wiki chache kabla ya mjadala huo. Habari za mwiko na leso nilizijua, kwa sababu mdogo wangu wa kiume ndiye aliyemfunga, na aliniambia kwa siri, akinisihi nisimwambie mtu, maana Mama aliona aibu. Habari za mafuta sikuzijua. Niliambiwa gari la dispensari lilikuja likamchukua vizuri.

Kwa hesabu yangu waliojua habari za ule mwiko walikuwa watatu: Mama, mdogo wangu na mimi. Mama nilimtoa mara moja. Huyo ni mtu ambaye hata jino likimuuma hufunga mlango ili jirani asimwone ameshika shavu. Akabaki mdogo wangu. Na mdogo wangu, baada ya miaka ya kuzunguka na vyeti kwenye bahasha, alikuwa ameniambia majuzi tu kwamba amepata kazi katika ofisi za kaunti.

Nilimpigia usiku huohuo wa kwetu, ambao kwake ni asubuhi. Sikumsalimia vizuri. Nilimuuliza kama alimpa Mheshimiwa habari za Mama ili apewe kazi.

"Dada," akasema, "umeniuliza hilo kweli?"

Alinieleza kwamba aliomba kazi kama watu wengine, akaitwa, akahojiwa. Nikamuuliza basi ni nani aliyesema. Akanijibu kwamba seneta anakuja kwetu huku Texas, nimuulize mwenyewe. Kisha akakata simu, jambo ambalo hakuwa amewahi kunifanyia.

Mheshimiwa alikuja Jumapili, kwenye ukumbi wa kanisa tunaloazima kwa mikutano. Nilimtambulisha kwa hoja ya maji na ya walimu. Ile ya afya niliiruka. Wakati wa chakula nilimfuata alipokuwa amesimama na sahani yake, nikamuuliza yule mama wa mwiko alimjuaje.

Aliniangalia, akaangalia wali wake. "Aliyeniambia aliniomba nisimtaje."

"Ni mwanamume au mwanamke?"

"Dada yangu, nikikujibu hilo nitakuwa nimemtaja." Mtu akamvuta mkono akapige naye picha, akaenda akicheka.

Kwangu hilo lilitosha. Mtu anayeomba asitajwe ni mtu mwenye kitu cha kuficha, na mwenye kitu cha kuficha alikuwa mdogo wangu. Wiki nzima sikumpigia. Mama aliponiuliza kama tumekosana, nilisema nina kazi nyingi.

Alief, kule Houston, kuna mwanamke tuliyewahi kukaa naye nyumba moja nilipofika nchi hii. Sasa anahudumia wazee, lakini Nairobi alifanya kazi miaka mingi na waandishi wa Hansadi. Jumamosi iliyofuata niliendesha gari kwa muda wa saa nne kwenda kwake. Jambo lenyewe sikutaka kuliongelea kwa simu. Nilikuwa nimefika mahali pa kushuku hata simu. Nilitaka anieleze kama waandishi huongezea maneno, au kama kuna njia ya kujua nani amemwandikia seneta hotuba.

Alinipa chai, akasoma ukurasa nilioufungua. Alisema wao hunyoosha sarufi, lakini mwiko hawawezi kuuongeza. Kisha akaniuliza nilianza kusoma wapi. Nikamwambia nilianza pale jina la Mheshimiwa linapotokea.

"Ndivyo watu wote hufanya," akasema. "Anza juu."

Akasogeza ukurasa hadi mwanzo wa kikao. Pale Spika alikuwa akiwakaribisha wageni waliokaa kwenye roshani ya umma. Kulikuwa na wanafunzi, kulikuwa na machifu wastaafu, na kulikuwa na kikundi cha akina mama kutoka kaunti yetu. Jina lake nililijua: kilikuwa kikundi cha Mama.

Vikao hurekodiwa, kwa hiyo alikitafuta hicho akakiweka kwenye televisheni. Mheshimiwa alikuwa amesimama bila karatasi. Alipofika kwenye habari za pikipiki aliinua macho juu, na kamera ikafuata macho yake. Safu ya pili alikaa Mama, amevaa gauni lake la Pasaka, mkono una plasta na umening'inizwa kwa mkanda wa buluu niliomtumia kwa mtu aliyekuwa akisafiri. Wiki ile aliniambia yuko kwenye semina ya kanisa.

Nilimpigia palepale, mezani. Kule ilikuwa jioni.

"Mama, ulienda bungeni?"

"Nani amekwambia?"

"Nimekuona."

"Kwa hivyo nilionekana," akasema, na nikasikia kwamba amefurahi.

Alinisimulia yote. Seneta alifanya mkutano sokoni kuhusu dispensari, watu wakawa wanalalamika kwa jumla tu, yeye akasimama na plasta yake akaeleza kilichompata. Aliombwa ruhusa habari hizo zisemwe Nairobi, akakubali, mradi jina lake lisitoke. Mdogo wangu hata sokoni hakuwepo.

Nilimuuliza mbona hakuniambia.

"Ungenikataza," akasema. "Ungesema nakuaibisha huko uliko."

Mwenyeji wangu aliinuka akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa bado na chai.

Kwa mdogo wangu niliomba msamaha siku hiyohiyo. Akasema, "Sawa, dada," na kwa miezi kadhaa hakunipa zaidi ya maneno mawili matatu kila nilipopiga. Siku moja alinitumia picha ya barua yake ya kuajiriwa, bila salamu wala maelezo. Ilikuwa imeandikwa kabla hata ya ule mkutano wa sokoni. Iliniuma kuliko kama angenitukana. Siku hizi tunaongea, ingawa habari za kazi yake hunifikia kupitia kwa Mama.

Hoja ile ya afya ilipitishwa ikapelekwa kwa Kamati ya Afya. Mama anasema ambulensi ilipewa mafuta, ikatembea wiki kadhaa, kisha ikarudi kusimama chini ya ukuta wa dispensari. Ripoti ya kamati sijaiona, na sasa nasoma kila kikao kuanzia juu. Nimemwandikia Mheshimiwa mara mbili. Mara ya pili alinijibu kwamba suala hilo linashughulikiwa. Mama anamwamini. Mimi bado.