Darasa Walilolifungua Mvuani

Waliomuua mama mkwe wangu ni wawili: afisa wa ule mradi wa mazingira, na chifu wetu. Majina yao siyaandiki, hayastahili wino wangu. Wenyewe watajijua.

Mwanzo wa miaka ya tisini mradi ulituletea darasa la kubebeka, huku nyuma ya mji wa Ahero. Kuta za mafunjo yaliyoshindiliwa kwenye fremu za mbao, sakafu juu ya miguu ya chuma, kila kitu kwa nati. Watoto wafundishwe humo habari za miti na ziwa, halafu lihamishiwe shule nyingine. Mimi niliishia darasa la nne, lakini spana naijua. Nililifunga kwa mikono hii.

Mvua ikaja, mto ukavunja kingo, nyumba ya mama mkwe ikaanguka. Tukamleta kijijini kwetu. Sasa, Mjaluo yeyote anajua: mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake, hata maji yamfike shingoni. Majirani nao walishajaa watu waliokimbia mafuriko. Tukamlaza darasani. Kifua chake kilichokuwa kinamsumbua kikaanza kutulia.

Siku ya tatu afisa akafika na lori, chifu akiwa naye. Kulikuwa na wageni wa ng'ambo kule mjini Bondo, wanataka kuona darasa likisimamishwa.

"Kuna mgonjwa ndani, bwana," nikamwambia.

"Hii ni ya elimu. Si kambi."

Chifu akacheka. "Wewe si una nyumba? Ama mama mkwe anakuogopa hivyo?"

Huyo ni Mjaluo kama mimi. Alijua vizuri sana.

Nilikataa kushika spana. Wakafungua wenyewe, ukuta baada ya ukuta, mama ameketi sakafuni mvua ikimpiga. Nikamtengenezea kibanda cha karatasi za nailoni. Nilimpigia magoti aingie kwangu.

"Mwanangu," akasema, "unataka nimwaibishe binti yangu?"

Hakumaliza wiki.

Kwa mazishi chifu alikuja na kofia yake ya serikali, akasimama atoe pole. Mke wangu akamkatiza.

"Keti, Mzee. Una nyumba ya matofali pale juu, vyumba vinne, vikavu. Na wewe hukuwa mkwe wake."

Akaketi. Hakuna aliyemwonea huruma.