Ncha za Geti la Kanisa

Mama Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kama hujawahi kumsikia mwanamke akishindana sauti na grenda, ile mashine ya kusugulia vyuma, huku anaimba nyimbo za kwaya, basi hukupita mtaani kwao. Alitengeneza madirisha, vitanda, na mageti kuliko vyote. Mageti yake yalijulikana kwa jambo moja: juu hayakuwa na ncha. Mafundi wenzake walichongoa vyuma vikasimama kama mikuki. Yeye alikikunja kila kimoja kikatazama chini, akakisugua hata mtoto angeweza kukilalia shavu. Mteja akilalamika, jibu lilikuwa mdomoni tayari.

"Amri inasema usiue. Sitaki mtu afie kwenye kazi yangu, hata kama ni mwizi."

Mteja akishupaa, alimwelekeza kwa fundi wa jirani na kurudi kwenye cheche zake, roho kwatu.

Halafu wezi wakavamia kanisa lake. Walibomoa geti, wakabeba spika zote, na wakamwacha mlinzi chini, kichwa kimepasuka. Mlinzi mwenyewe alikuwa mume wake.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, kamati ilibaki ukumbini kuzungumzia geti jipya. Mume alikuja na bandeji yake, akaketi mbele. Mzee mmoja wa kanisa, mwanajeshi mstaafu, hakupoteza muda.

"Safari hii tunataka ncha. Ndefu, na kali."

"Mimi siziweki," akasema Mama Cheche.

Hapo moto ukawaka. Mama Cheche alisimama kabla hajapewa nafasi: Petro alipochomoa upanga, si aliambiwa aurudishe mahali pake? Mstaafu naye juu: na upanga wenyewe Petro aliutoa wapi, kama si kwamba alikuwa anatembea nao mbele ya Bwana? Na wale askari waliomwendea Yohana Mbatizaji, waliambiwa wasimwonee mtu na waridhike na mshahara; nani aliwaambia waache jeshi? Kwaya ikapiga makofi. Mama Cheche damu ilimchemka, na nisikufiche, alikuwa anaona raha. Akamtupia lile la kugeuza shavu la pili.

"Mama watoto," mumewe akasema polepole, "mimi yamevimba yote mawili. Sasa nigeuze lipi?"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mama Cheche naye alicheka, kisha akaitazama ile bandeji.

Mchungaji, ambaye alipenda mabishano ya Maandiko kama wengine wanavyopenda mpira, alikuwa ameshakaa kwenye ukingo wa kiti. Akawakumbusha sheria ya Musa: mwizi akikutwa anavunja usiku, akapigwa akafa, aliyempiga hana hatia ya damu; lakini jua likiwa limeshachomoza, anayo.

"Mnaona?" akasema mstaafu. "Usiku ruksa!"

"Ngoja, mzee, usinikimbize!" mchungaji akamkatiza. "Mtu anaweza kutazama kama kumekucha, akazuia mkono. Chuma kitatazama nini?"

Kelele zikasikika hadi nje. Mchungaji akaomba watu wakapunge upepo kwanza, kisha wapige kura. Mama Cheche alimshika mumewe mkono wakatoka hadi kwenye geti lililobomolewa.

"Niambie ukweli, baba watoto. Unaogopa watarudi?"

"Naogopa. Lakini siwaogopi wao."

"Unamwogopa nani sasa?"

Mume alitazama kando. "Mmoja nilimwangusha. Nikamkalia kifuani, rungu liko juu. Akawa ananiambia basi mzee, basi, nimekoma. Nilimsikia vizuri kabisa. Na bado nilitaka afe. Sikukumbuka amri wala nini. Kama mwenzake asingenipasua kichwa kwa nyuma, leo ningekuwa nimemuua mtu anayeomba radhi." Akalishika lile geti. "Weka ncha. Wakiishia huko juu, mimi sitafika pale tena. Geti liue, mimi nisiue."

"Na geti atakuwa amelichomelea nani?"

Mume alitazama mikono ya mkewe yenye makovu ya moto.

"Mungu wangu," akasema. "Nilikuwa nataka kukutwisha wewe hiyo damu."

Aliingia ukumbini wa kwanza, hatua ndefu, na mkewe nyuma yake. Hakuketi. Aliwasimulia wote kama alivyomsimulia mkewe, hadi lile la "nimekoma". Mama Cheche alitaka kulia na kushangilia kwa pamoja, kwa jinsi alivyomwona mumewe kuwa mtu mkubwa.

"Geti nitalipandisha juu mpaka mchoke kulitazama," akasema aliposimama kando yake. "Ncha hapana. Ila na nyinyi msimwache peke yake tena. Mnamweka mtu achague kuua au kuuawa, halafu mnakuja kubishania mistari!"

"Na wakija na mapanga?" sauti moja ikauliza nyuma.

"Wakija na mapanga sijui. Nimejibu mengi leo, hilo sijui."

"Hata mimi," akasema mchungaji, na hilo hawakuwahi kulisikia kwake.

Macho yakamgeukia mstaafu. Kila mtu aliamini ana hoja nyingine. Alikuwa amevua kofia, anaizungusha magotini. Alisimama kwa taabu, akamtazama mlinzi peke yake.

"Wa kwangu, kule jeshini, naye alisema amekoma," akasema. "Mimi hakuna aliyenipiga kwa nyuma."

Mstaafu akavaa kofia yake, akainyoosha.

"Zamu ya leo niandikeni pamoja naye," akasema. "Mmoja akimkalia mtu, mwingine amshike mkono."