Karatasi ya Bumbire Isiyokauka

Najua utacheka. Cheka tu, hata mimi ningecheka kama ningesimuliwa na mtu mwingine. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, saa sita mchana, jua likiwaka, na sikuwa nimeonja pombe ya rubisi wala kitu chochote. Karatasi yenyewe ninayo nyumbani kwangu Bukoba. Asiyeamini aje aishike.

Kwanza nikuambie kuhusu Ma Koku. Alikuwa msomi wa mimea, ila si hii ya shambani. Yeye alikusanya mwani. Sisi Wahaya ukitaja mwani tunafikiria kahawa, kwa hiyo watu walidhani ana mashamba mahali. Wapi! Nasema ule utando wa kijani unaoshika kwenye mawe ya ziwani, ule unaokuangusha ukienda kuchota maji. Miaka na miaka Ma Koku alizunguka kando ya ziwa hili, magoti kwenye matope, akikwangua mawe kwa kisu cha mezani. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Nilibeba ndoo, sinia na magazeti ya zamani.

Kazi ile inataka subira. Unauacha mwani uelee kwenye sinia la maji, unapitisha karatasi nzito chini yake, unaiinua taratibu mpaka nyuzi za kijani zilale juu yake kama nywele zilizochanwa. Kisha unaibana katikati ya magazeti, juu unaweka matofali. Kila asubuhi unatoa magazeti yaliyolowa na kuweka makavu, mpaka karatasi ikauke. Na pembeni, kwa penseli, unaandika mwani umetoka wapi. Hapo Ma Koku hakuwa na mchezo.

"Mwana wange," alikuwa akiniambia, "mwani usio na mahali ni uchafu tu. Ukikosea jina nitasahihisha mimi. Ukikosea mahali, nani atasahihisha?"

Sasa sikia nilivyomfanyia.

Novemba moja alinituma kisiwani Bumbire. Goti lake lilikuwa limevimba, hawezi kupanda boti. Nikalala kwa shangazi yangu Muleba, jirani na mwalo, ili niwahi boti ya asubuhi. Alfajiri senene, wale panzi watamu wa kuliwa, wakaanguka. Kama wewe si mtu wa huku hutanielewa; kama ni wa huku, sema kweli, ungewaacha senene ukapande boti? Kijiji kizima kilikuwa nje na ndoo, viroba, hata foronya. Nami nikaingia. Nilipokuja kuinua kichwa nimejaza viroba viwili, na boti imeshaondoka.

Nikajiambia, kijani ni kijani. Nyuma ya nyumba ya shangazi kulikuwa na chemchemi yenye mawe. Nikakwangua pale, nikatandaza kwenye karatasi, nikaandika "Bumbire". Nikarudi mjini, na Ma Koku nikampelekea mfuko wa senene, tena waliokwisha kunyonyolewa. Alinishukuru mpaka nikaona haya.

Kumbe mwani ule ulikuwa haujulikani popote. Ma Koku aliuchungulia kwenye hadubini siku tatu, akatoka analia kwa furaha. Alikuwa amekwangua mawe maisha yake yote, na huu ndio aliokuwa akiungoja. Akauandikia makala, akatangaza: umepatikana Bumbire. Wasomi wenzake wakaenda Bumbire kuuona. Hawakukuta kitu. Wakaja wengine, nao hola. Ndipo minong'ono ikaanza, kwamba bibi yule amezeeka vibaya, kwamba ametunga. Naye na goti lake bovu akapanda boti mara tatu kwenda kuutafuta mwenyewe. Mara zote tatu ni mimi niliyemshika mkono apande. Nilimshika mkono nikanyamaza. Niliona aibu kusema. Sababu ni hiyo tu, sina nyingine ya kujitetea nayo.

Alistaafu, akarudi kwao Kaagya kwenye migomba na mibuni yake. Hakuandika tena. Mimi nikaingia kwenye biashara ya dagaa, na dagaa ndio walionipeleka Bumbire siku ile.

Boti ya kurudi ilichelewa. Nikazunguka upande wa mawe ninawe miguu. Nikamwona Ma Koku. Alikuwa amechuchumaa juu ya jiwe, sinia mbele yake, kofia yake ya ukili kichwani. Moyo wangu uliruka kwa furaha, nakuambia ukweli. Nilimtazama alivyochuchumaa kama msichana, nikawaza, afadhali, dawa za miti shamba zimemfaa. Upumbavu gani ule! Mtu aliyekuwa akitembelea fimbo amefikaje kwenye jiwe lililozungukwa na maji?

Nikapita majini, nikapiga magoti kumsalimu kama ilivyo ada yetu. "Kasinge, Ma."

Gauni langu lililowa mpaka kiunoni. Lake lilikuwa kavu. Mawimbi yalipiga jiwe lile yakaruka juu, na niamini, hakuna tone lililomgusa. Hata maji ya kwenye sinia hayakutikisika.

"Mwana wange," akasema, kwa sauti yake ile ile. "Nimetafuta upande huu wote. Nimechoka. Jiwe lenyewe liko wapi?"

Unaona? Hakunikaripia. Aliuliza tu, na jibu lake lilikuwa la maneno mawili. Nilifungua mdomo nimwambie habari ya chemchemi. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Upande wa mashariki, Ma. Nyuma ya majabali yale."

Kwa nini? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Nadhani nilikuwa nimeuzoea uongo ule, ukatoka wenyewe.

Akachovya karatasi kwenye sinia, akaitoa nyeupe, haina hata uzi mmoja wa kijani. Akanipa pamoja na penseli. "Andika mahali." Nikaandika Bumbire. Alinitazama kwa muda, bila hasira. Afadhali angekasirika.

"Basi ngoja nikatafute," akasema. Akainuka, akaenda mashariki, jiwe kwa jiwe, mpaka majabali yakamficha.

Tulipofika katikati ya ziwa simu yangu ikapata mtandao. Ujumbe ulitoka kwa Adela, binti yake. Mama alifariki juzi. Tumemzika jana.

Nilikwenda Kaagya msibani siku iliyofuata. Tulikuwa tunamenya ndizi, mimi na Adela peke yetu nyuma ya jiko, nikamwambia yote: senene, chemchemi, jiwe. Adela aliweka kisu chini.

"Siku ya mwisho alikuwa anataka tumpeleke Bumbire," akasema. "Anasema kuna upande mmoja hajautafuta. Tulidhani ni homa." "Ungemwambia yeye, dada."

Baada ya matanga nilimpeleka Adela Muleba kwenye chemchemi. Imesakafiwa kwa saruji, imewekwa bomba, na watu wanachota maji safi. Tulipapasa ukuta wote. Hakuna hata doa la kijani. Kwa hiyo hata nikiapa mbele ya wasomi wote, nitawaonyesha nini?

Wavuvi wa Bumbire wananiambia kuna bibi mwenye kofia anayeonekana upande wa mashariki, mchana kweupe, anakwangua mawe. Wao wanamwogopa. Mimi simwogopi, namwonea huruma, maana najua ni nani aliyemtuma. Nimekwenda mara nne kumwambia ukweli. Nimeita mpaka sauti imekauka. Hanitokei.

Wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu anatafuta kitu na wewe unajua hakipo pale anapotafuta, ondoka sasa hivi ukamwambie. Usingoje aje akuulize. Anayekuja kuuliza huenda si wa kuambiwa tena.

Na ile karatasi aliyonipa jiweni? Iko chini ya matofali chumbani kwangu, mwaka wa pili sasa. Nimejaribu kufuta "Bumbire" niandike "Muleba, chemchemini". Haifutiki, na penseli yangu mimi haishiki kwenye karatasi mbichi. Ikikauka nitaandika. Kila asubuhi, kabla sijawasha jiko, nainua matofali, natoa magazeti yaliyolowa chapachapa, naweka makavu.