Malkia Muchawi wa Sanamu Zangu Amenifukuzia Bibi

Wasomaji, wenye ukurasa huu watalificha jina langu, lakini watu wa Kindu mutanijua tu, maana hapa mwenye kuchezesha sanamu kwa kamba ni mimi peke yangu. Niko na miaka makumi ine na moja, bibi mumoja, watoto watano. Kazi yangu ni kutia mafuta magurudumu ya vagoni kwenye reli. Kisangani nimefika mara tatu, Lubumbashi mara moja, na huko kote hawajaona fundi kama mimi. Shule niliacha darasa la tano; mwalimu alilia kwa furaha. Lakini musinicheke bado. Naandika na hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Wa umri wangu wanaikumbuka ile filme ya mapadri: malkia muchawi aliiba mwezi akauficha chini ya muto, na binti mumoja akashuka majini kuutafuta. Tuliiangalia mara ngapi! Na kila mara, binti akishika tu mulango wa jumba la malkia, kitambaa cha sinema kinakuwa cheupe, padri anawasha taa. Bobini ya mwisho, lile gurudumu la ukanda wa filme, haikufika Kindu hata siku moja. Tukakua, tukaoa, tukazaa, bila kujua nyuma ya ule mulango kuna nini. Kisha mashini ya sinema ikafa, na filme ikaozea sandukuni.

Mimi njo niliifufua. Nilichonga sanamu kumi na mbili za mbao nyepesi, nikazivalisha vipande vya kitenge, nikazifunga kamba. Kila siku ya Mungu, yaani Jumapili, saa kenda, nilichezesha kipande kimoja, na nilikikata pale pale watu wameshika roho. Watu walikuja na baiskeli kutoka hata Kailo. Wakipiga kelele niendelee, nawaambia: "Hata padri aliwasha taa!"

Sasa musikilize ubaya. Mukubwa wa Chama cha serikali kwenye mutaa wetu, saa ile ile, anachezesha animasio, zile nyimbo za kusifu Chama. Watu wakawa wanamukimbia, wanakuja kwangu. Siku moja akanifikia nyumbani, abakosti, ile koti ya Chama, imemubana tumbo, akaniita raia kwa Kifaransa:

"Sitwayeni, malkia wako anaitwa Rozalina. Hilo ni jina la nani?"

"La filme, shefu."

"Sisi wote Zaire nzima tumeacha majina ya wageni. Kipande cha muti njo kitabaki na la kwake?"

Nikacheka. "Basi umubatize wewe."

Akafungua daftari la mutaa, pale kwenye majina mapya ya watu, akatembeza kidole polepole. Kikasimama. "Wabiwa. Jina la bankambo wetu, wazee wa zamani. Zuri sana." Akaliandika kwa barua, akapiga muhuri, akaituma biro ya zone, kwa wakubwa wake. Na mimi mujinga nikamushukuru!

Kwetu mukwe hatajwi jina. Nimeoa miaka kumi na ine: mimi namuita Mama Mukwe, mutaa unamuita Mama Ramazani, siku ya mahari walimutaja Bi Zaina. Jina la kuzaliwa sikuuliza. Nani anamuuliza mama mukwe jina? Ni kama kumuuliza anaoga saa ngapi. Lakini sheria ya majina ilipofika, alirudilia lile la kuzaliwa, na aliyemuandika kwenye daftari ni huyo mukubwa, kwa mukono wake!

Siku ya Mungu iliyofuata, mama mukwe alikuja kuangalia mara ya kwanza. Nilimuwekea kiti mbele, karibu na mukubwa, aliyeacha animasio yake siku hiyo kuja kuona; nilitaka kujionyesha. Kipande cha siku hiyo kilikuwa vita vya majini, kabla ya kufika mulangoni: binti akamushika malkia kwa nywele, nami nikapaza sauti: "Wabiwa, mwizi, kula matope!" Watu wakaitikia wote, wanapiga makofi: "Wabiwa, kula matope! Wabiwa, kula matope!"

Mama mukwe akasimama. Akafunga kitenge chake vizuri, akapita polepole katikati ya watu wanaoimba jina lake. Mukubwa alikuwa anapangusa machozi ya kicheko.

Nyumbani bibi yangu alikuwa anafunga nguo.

"Baba Amisi, umemutukana mama yangu mbele ya muji muzima."

"Haki ya Mungu, sikujua jina lake!"

"Miaka kumi na ine?"

"Njo heshima hiyo!"

"Basi heshima yako ikupikie." Akaondoka na watoto wote.

Nilipeleka kwa mama mukwe mbuzi na kitambaa cheupe, kuomba musamaha. Vilipokelewa, lakini kwa sharti: malkia achomwe moto mbele ya watu, na muchezo uishe. Nikaenda kwa mukubwa. "Shefu, ulijua. Futa lile jina."

"Jina limepita zone, sitwayeni. Kulifuta ni kukataa majina ya bankambo. Na kumuchoma Wabiwa mbele ya raia? Jaribu nikuone." Akatabasamu. Mikono yangu inasukuma vagoni, wasomaji. Niliifunga nyuma ya mugongo ili nisimuguse.

Na kilichonimaliza kabisa ni cha jana. Bibi yangu alikuja kuchukua sufuria. Akasimama mulangoni, haniangalii: "Mama anauliza, yule binti akifungua mulango, ndani kutakuwa na nini?"

Nikamupa sufuria mbili badala ya moja.

Usiku kucha nimefikiri. Ule mwisho hakuna aliyeuona, basi ni wangu. Naweza kumuchoma malkia, bibi arudi, mukubwa anifunge. Ao nimuweke mama mukwe kiti cha mbele tena, mulango ufunguke, tukute malkia hakuiba kitu, alikuwa analinda mwezi usichukuliwe na wabaya, na binti amupigie magoti aombe musamaha. Lakini hapo itanibidi nilitaje jina lake tena, kwa sauti, mbele ya wote. Muhuri wa mukubwa unaniruhusu. Desturi hainiruhusu.

Ninyi wenye wakwe, musinifiche kitu: nimuchome, ao nimutaje? Siku ya Mungu iko karibu, na watu wa Kailo wameisha anza kutengeneza baiskeli.