Mizani na Mtungi Uliopungua

Mtunza stoo wa karakana ya kuchomelea vyuma walimbatiza Mizani, maana hakuna aliyewahi kumpunja hata msumari. Sifa ikampanda kichwani, na kichwa kikijaa sifa, masikio huziba.

Mitungi ya oksijeni ilikuwa ikiletwa alasiri, joto la stoo likiwa nyuzi thelathini na tano. Mizani anasoma geji, kipimo cha msukumo wa gesi mtungini: mia na hamsini. Alfajiri, kwa nyuzi kumi na nne, anasoma tena kabla mafundi hawajaugusa mtungi: mia na arobaini. Mitungi mitatu, mara tatu, upungufu uleule. Na mlinzi wa usiku ni nani? Shemeji yake, mume wa dada yake mdogo.

Mlinzi akajitetea kwamba ni baridi tu, hata mpira wa wanawe hulegea asubuhi. Mizani akacheka kwa dharau, akachukua kalamu. Joto limeshuka zaidi ya nusu. Basi kama mwizi ni baridi, mbona geji haikushuka zaidi ya nusu?

“Hesabu haina undugu, shemeji,” alimwambia mbele ya bosi.

Mlinzi akafukuzwa siku hiyohiyo. Dada mtu akakata mguu kwa kaka yake.

Mwezi ukapita, akaja mama mmoja mkaguzi wa mitungi. Mizani akamsimulia kisa chote kwa mbwembwe. Mama akauliza kama mitungi ilipimwa uzito, maana gesi ikiibwa uzito hupungua, lakini baridi haiupunguzi. Haikupimwa. Jamani, mtu anaitwa Mizani, mizani yenyewe iko hatua tatu kutoka mezani pake, na wazo halikumjia!

Mama akamweleza taratibu kwamba sifuri ya kipimajoto ni pale maji yanapoganda tu, gesi haiitambui. Sifuri ya gesi iko nyuzi mia mbili sabini na tatu chini ya hapo. Kwa hiyo joto la alasiri ni mia tatu na nane, la alfajiri ni mia mbili themanini na saba. Hiyo si nusu, ni upungufu mdogo tu, na geji hushuka kwa kadiri hiyohiyo. Mizani akachukua karatasi, akapiga hesabu upya. Mia na arobaini. Akarudia. Mia na arobaini. Akakaa juu ya ndoo ya rangi.

Alikwenda kwa bosi, kisha akakimbilia kwa dada yake na ile karatasi, akasema yote: kosa ni lake, na kazi ya shemeji ipo. Shemeji alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Dada ndiye aliyejibu.

“Kazi mtamrudishia. Wanangu shuleni wanaitwa watoto wa mwizi. Hiyo nayo ipigie hesabu, kaka.”

Mizani aliitazama karatasi yake, akaikunja.