Sakafu Juu ya Birika la Newala

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa mwiko. Nilikabidhiwa rundo la mchanga wa mtoni na chekeche, nikachekecha mpaka viganja vikawaka moto. Hiyo ilikuwa karakana ya majengo ya serikali, Masasi, miaka ya mwisho ya Mwingereza. Jioni Fundi Mkuu, mtu mnene wa Lindi mwenye sauti ndogo, alichota mchanga wangu akausugua kiganjani. Ukaacha doa jekundu. Akasema bado una udongo, niuoshe.

Kuosha mchanga kulinishangaza kuliko uchovu wenyewe. Mimi ni mtoto wa Makote, kijiji cha juu ya uwanda wa Newala, kusiko na maji. Nilikua nikimwona mama yangu akiteremka bondeni alfajiri na kurudi jua likiwa kali, mtungi kichwani, shingo imekaza. Sasa nikaona ndoo kwa ndoo zikimiminwa juu ya mchanga, na maji yakienda zake. Nilihuzunika, lakini niliendelea kumimina, maana kibarua hamfundishi kazi bwana wake.

Fundi Mkuu hakuwa mtu wa maneno mengi, ila alijua kufundisha. Kwake nilijifunza kutumia timazi, kile kichuma kinachoning'inia kwenye uzi kuonyesha kama ukuta umesimama wima. Nilijifunza kupiga lipu na kupaka niru, yaani saruji tupu iliyokorogwa kama uji, inayosuguliwa juu ya lipu mpaka ing'ae na kuzuia maji. Alipoona nimekomaa alinipeleka Lulindi kutengeneza jiko la mwalimu mmoja. Nilijenga dohani ya kutoa moshi na karo la kuoshea vyombo. Mke wa mwalimu aliniambia sasa anapika bila machozi, nami nikatembea nimevimba kichwa juma zima. Tangu hapo nikawa fundi wa majiko na mabafu. Wenzangu walinitania kwamba nimeoa masufuria.

Ndipo ikaja kazi ya Newala. Kulikuwa na zahanati ndogo ya wazazi pembezoni mwa mji, chini ya mkunga mmoja tuliyemwita Mama Agata. Bafu lake lilijengwa juu ya birika, tangi la chini ya ardhi lililopokea maji ya mvua kutoka kwenye bati. Sakafu ya bafu ndiyo iliyokuwa kifuniko cha birika. Nondo zilikuwa zimeshika kutu, zege likapasuka. Mama Agata alipoona ufa wa kwanza alilifunga bafu siku ileile, ili maji ya kuogea yasichuruzike kwenye ya kunywa. Basi wazazi wakawa wanaogea nje, nyuma ya ua wa nyasi, na upepo wa Newala mnaujua. Bwana Mkubwa wa Majengo, Mzungu, alikwisha kutamka kwamba mvua zikikuta bafu bado bovu, wodi itafungwa na wanawake wateremke kujifungulia Masasi. Wengine wangejifungulia njiani, na kila mtu alilijua hilo.

Tulipofika na Fundi Mkuu, Mama Agata alikuwa amekwisha kuwarudisha mafundi wawili, wote wenye sifa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akatuwekea beseni na kata ya maji tunawe vumbi la safari. Fundi Mkuu alinawa kama tulivyokuwa tukinawa Masasi, akasukutua, akajimwagia na miguuni. Mimi nilinawa kwa mkono mmoja kuushika mwingine, kwa maji ya kujaza ganda la yai, kisha yaliyobaki kwenye beseni nikayapeleka kwenye mpapai. Sikufanya hivyo kwa werevu. Ndivyo tunavyonawa Makote.

"Huyu atashika kazi," Mama Agata alisema. "Wewe mzee karibu ukae, lakini birika langu hulifungui."

Fundi Mkuu hakukasirika. Alicheka, akasema yeye amezaliwa kando ya kisima, asingeweza kulificha jambo hilo hata angetaka. Baadaye nilielewa kwamba mafundi wale wawili nao walipimwa kwa beseni lilelile. Uwandani hivyo ndivyo mwenye nyumba alivyomchagua fundi wa bafu. Ufundi wa mikono angeweza kuusikia kwa watu. Alichotaka kukiona kwa macho yake ni jinsi mtu anavyoshika maji.

Lakini birika lilikuwa nusu, na zege haliwezi kuvunjwa juu ya maji ya kunywa. Fundi Mkuu alisema lazima yatolewe, nami nikasema hivyohivyo. Mama Agata aliuinamia mdomo wa birika, akayatazama maji yale. Nilimhurumia sana. Kiangazi kilikuwa bado hakijaisha, na yale ndiyo maji ya wazazi wake wote.

Akamwita jumbe. Jumbe akapita nyumba kwa nyumba, za Waislamu na za Wakristo, akaomba kila nyumba itoe mtungi mmoja wa kuyatunzia maji yale. Siku ya pili wanawake walikuja, tukachota, kila mmoja akaondoka na maji ya birika kichwani. Hakuna aliyeandikwa jina. Walipewa neno moja tu, kwamba sakafu ikikauka wayarudishe. Mimi nilijua njaa ya maji ilivyo. Nilijua mtoto akilia kiu usiku mama hataangalia mtungi ni wa nani. Nililala na wasiwasi.

Tulivunja sakafu, tukasuka nondo mpya, tukamwaga zege lililochanganywa kwa mchanga uliokwisha kuoshwa Masasi. Bafu nililipa mteremko kuelekea mfereji wake peke yake, na karo la jikoni nikaliunganisha na mfereji huohuo, maji yaende kwenye mipapai mbali na birika. Likabaki tatizo la kulinywesha zege. Zege changa lisipopata maji siku za mwanzo hupasuka, na sisi hatukuwa na maji ya kumwaga. Mama Agata akatandika magunia juu ya sakafu, akatoa amri. Yeyote aliyekuja zahanati, mgonjwa au mgeni, alinawia pale juu ya magunia. Maji ya kuoshea vichanga yakamwagwa pale. Hata Fundi Mkuu alinawia pale, na alikuwa amejifunza, kata moja ikitutosha yeye na mimi.

Bwana Mkubwa alikuja kukagua. Aligonga zege kwa nyundo ndogo, akaridhika. Kisha akainama kwenye birika tupu, akauliza maji yako wapi. Mama Agata alimweleza. Akatikisa kichwa.

"Hutayaona tena, Mama," alisema, na kwa kweli hakusema kwa ubaya.

Tulisugua birika, tukapaka niru, ikakauka. Jumbe akatangaza. Asubuhi yake tulisimama pale, Mama Agata, Fundi Mkuu na mimi, na njia ilikuwa nyeupe, haina mtu. Jua likapanda. Mama Agata aliingia wodini akatoka, akaingia tena. Fundi Mkuu akaanza kufungasha vifaa ili asimtazame usoni.

Wa kwanza alitokea adhuhuri. Alikuwa Somoe, mjamzito wa karibu kujifungua, jasho likimtiririka, miguu myekundu kwa vumbi la mteremko. Nyuma yake njia nzima ilikuwa mitungi.

"Tuwie radhi, Mama," Somoe alisema. "Yale tuliyanywa. Haya tumeyafuata bondeni."

Mama Agata alimtua mtungi kwa mikono yake mwenyewe. Nililia mbele za watu, sioni haya kusema. Fundi Mkuu alivua kofia akabaki nayo mkononi mpaka mwanamke wa mwisho akamimina. Somoe alijifungua salama kabla ya mvua, na katika bafu lile yeye ndiye aliyeoga wa kwanza.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, chini ya mabwana wa kila namna, mpaka mgongo ukagoma nikastaafu. Siku hizi naishi Mkomaindo, hapa Masasi, na bomba limo ndani ya nyumba. Majuzi mjukuu wangu aliniletea fundi wa kutengeneza bafu na jiko, kijana hodari, anasifiwa mjini. Nilimpa maji anawe. Alinawa vizuri, akafungulia bomba akasuuza tena, yaliyobaki akayamwaga uani. Moyo uliniuma, ila simlaumu, hajaona mtungi ukipanda mlima.

Nilimpa kazi. Lakini hakushika mwiko mpaka nilipomkalisha nikamwambia habari za Somoe.