Fomu ya Joviana

Kokwijuka alizikuta fomu zake tatu stoo, zimetandikwa rafuni chini ya masufuria ya kuchemshia sindano. Ya mwaka 1972, ya 1973 na ya 1974, zote za kuombea masomo ya shahada ya uuguzi ng'ambo, zote zina maduara ya kutu juu ya jina lake. Kila mwaka metroni Anatolia alikuwa akimwambia amekwisha kuzituma.

"Vijiji vya ujamaa vinataka mikono," Anatolia alijibu alipoulizwa, wala hakuona haya. "Wewe umesajiliwa, mkanda wa muuguzi kiunoni unao. Kumwogesha mgonjwa kunataka shahada?"

Hospitali ile ya Muleba ilimcheka wiki nzima. Kokwijuka hakulia. Mwaka uliofuata Anatolia alikwenda likizo kwao Kaagya, na naibu wake akasaini fomu ya nne kabla chai haijapoa. Huko ng'ambo, wenzake walipolilia nyumbani, yeye alimwaza metroni, na mitihani akaifaulu mmoja baada ya mwingine. Walimu walisema ana kipaji. Kipaji gani! Alikuwa na hasira tu, ila hasira yenye kuamka alfajiri na kusoma.

Alirudi na shahada yake, akapewa ofisi Bukoba mjini. Hakuna muuguzi wa mkoa aliyekwenda masomoni bila saini yake. Akangoja. Mwaka 1983 bahasha ikaja: Joviana, muuguzi aliyesajiliwa, binti wa Anatolia. Alama zake zilikuwa safi kabisa. Umri wa mwisho wa kupokelewa masomoni ni miaka thelathini na mitano, naye angeitimiza Desemba; mwaka ule ndio wa mwisho kwake. Kokwijuka akaifungia fomu drooni, akaenda kunywa chai.

Wiki ya tano Anatolia akaja mwenyewe. Alikuwa amestaafu, kitenge kimejaa vumbi la basi. Kwa Wahaya mwanamke mdogo humpigia magoti mkubwa anapomsalimu, na makarani wawili waliokuwemo walisubiri bosi wao ainuke. Hakuinuka. Anatolia alisimama kitambo, akatazama sakafu, kisha yeye mwenyewe, na mvi zake zote, akashuka akapiga magoti. Karani mmoja alijiziba mdomo.

"Waitu," akamwita kwa heshima, "nilikukosea. Niadhibu mimi. Mtoto hajui lolote."

Raha aliyoipata Kokwijuka haisemeki. Alimwacha pale chini, akajifanya anatafuta kalamu ambayo alikuwa nayo mkononi. Alipotosheka, akatoa fomu, akasaini kwa mwandiko wa kupendeza, akagonga muhuri. Anatolia alilia, akamwombea baraka kwa Bikira Maria, kisha akakimbilia basi la Muleba awahi kumpa bintiye habari.

Siku ya mwisho ya kupokea fomu ilikuwa imepita tangu Ijumaa. Kokwijuka alijua. Ndiyo maana alisaini.

Jumamosi Joviana mwenyewe alifika nyumbani kwake Buhembe, mkungu wa ndizi kichwani, jasho linamtiririka. Alikwisha nunua sanduku la safari, na koti zito la mtumba.

"Mama anasema bila wewe nisingepata, sista," alisema. "Eti huko baridi yake ikoje?"

Kokwijuka alimtazama usoni, akatafuta sura ya Anatolia, akaikosa.

"Kali," akajibu. "Usisahau soksi."

Akaupokea ule mkungu, akaupeleka jikoni.